Mashine za wembe zenye kichwa cha mshazari: ipi inafaa ndevu za kipilipili?

Kidevu_Tabata (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kunyoa kwa mashine ya wembe, yaani ile ya chuma inayofunguliwa kichwa, ikawekewa wembe wa kawaida wa dukani wenye makali pande mbili, kisha ikakazwa tena. Niliihamia baada ya kuchoshwa na nyembe za plastiki zenye makali matatu hadi matano, ambazo kila zilipopita ziliniachia shingo iliyojaa vipele, hadi kufunga kifungo cha juu cha shati ikawa adhabu. Tangu nihame vipele vimepungua, ila havijaisha. Ndevu zangu ni za kipilipili hasa, na chini ya taya, upande wa kulia, kuna mahali zinaota kwa kuzunguka kama kisulisuli, kiasi kwamba sijui pale mwelekeo wa kuota ni upi na wa kupinga ni upi. Nikinyoa awamu moja vinabaki vishina vinavyokwaruza kiganja. Nikinyoa awamu tatu ngozi inalainika vizuri, lakini siku mbili baadaye vipele hivyo vimerudi.

Mwezi uliopita shemeji yangu, ambaye ni baharia, alifika nyumbani na mashine ambayo sijapata kuiona. Nilipoishika nilidhani imeanguka ikapinda, nikataka hata kumpa pole. Kofia yake haikulala sawasawa juu ya mpini: pembe moja imeinama, ya pili imenyanyuka, na wembe ukikazwa humo unajipinda kwa urefu wake badala ya kulala bapa. Alinieleza kwamba ndivyo ilivyoundwa, kwamba hiyo ni mashine ya mshazari, na kwamba akinyoa kwayo awamu ya kwanza ndevu zinakwisha karibu zote. Kuazimana vifaa vya wembe si jambo la busara, kwa hiyo sikuijaribu, lakini tangu siku ile haijanitoka akilini.

Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie. Zipo aina ngapi za kuaminika na zinatofautianaje? Je, ni kweli kwamba mshazari unakata kwa wepesi zaidi, au ni hadithi za wauzaji? Nyembe zinazopatikana kwa urahisi hapa kwetu, kama Nacet na Topaz, zinaingia humo bila tatizo? Niongeze pia kwamba nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na mashine yangu ya sasa imeanza kumenyeka kromu.

---

Babu_wa_Povu (Mombasa)

Ndugu yangu wa Tabata, maelezo yako yamenikumbusha shingo yangu mwenyewe ya miaka ya nyuma. Nimetumia Merkur 37C kwa miaka sita. Ni mashine ya Kijerumani yenye mpini mfupi mnene, uzito wake ni kati ya gramu 70 na 80, na ndiyo ambayo wengi hukutana nayo kwanza wanapoingia katika habari hizi za mshazari.

Tofauti niliyoigundua siku ya kwanza ilikuwa ya masikio kabla ya kuwa ya ngozi. Mashine yangu ya zamani ilipopita kwenye ndevu za siku mbili ilitoa sauti kama ya nazi kwenye mbuzi. Hii ilipita kimya, nikadhani haikati kitu. Nilipolisuuza povu nikakuta shavu jeupe. Kimya hicho ndicho kilichoniponza. Kwa kuwa sikusikia upinzani wowote, nilikandamiza kama nilivyozoea, na chini ya mdomo nikajichana mstari uliohitaji shabu mara tatu kabla ya damu kukoma. Kwa hiyo usikandamize kabisa. Shika mpini kwa vidole vitatu, karibu na sehemu inayosawazisha uzito wake, uache uzito huo ufanye kazi, na kila mvuto usizidi upana wa vidole viwili.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hawaelezwi. Kichwa cha mshazari kimeundwa kwa namna ambayo ukikigeuza uanze kutumia upande wa pili, pembe iliyoinama inabaki mkono uleule. Maana yake ni kwamba kwenye shavu la kulia pembe hiyo itaelekea sikioni, na kwenye shavu la kushoto itaelekea puani, au kinyume chake, kulingana na unavyoishika. Mashavu yako mawili kwa hiyo hayatahisi sawa. Usidhani mashine imeharibika. Mkono utazoea ndani ya wiki mbili.

Unapoweka wembe, ushike kwa ncha zake fupi zisizo na makali, ukaze, kisha itazame mashine kwa mbele na ukaigeuze uitazame kwa nyuma. Makali yanayochungulia pande zote mbili lazima yawe na kiasi kinacholingana. Katika mashine ya kawaida wembe ukikaa upande kidogo unaweza usilipe gharama yoyote, lakini katika mshazari utalipa.

Kuhusu vipele, hapa niruhusu niseme kwa mkazo. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye shina lililopinda, kwa hiyo ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake iliyochongoka huota kwa kujikunja na kuichoma ngozi kutoka ndani, au hutoka nje kisha ukarudi kuingia. Nyembe zenye makali mengi huleta balaa hilo kwa sababu kali la kwanza linauvuta unywele na la pili linaukata kabla haujarudi. Basi usinunue mshazari ili unyoe kwa kina zaidi. Ununue ili unyoe mara chache zaidi. Mimi kwenye mashavu napita awamu mbili, ya kwanza kwa kufuata mwelekeo wa ndevu na ya pili kwa kukingama, na shingoni napita moja tu, bila kuivuta ngozi. Ukienda awamu tatu kwa mshazari, pamoja na kupinga mwelekeo, vipele vyako vitaongezeka, na utailaumu mashine bure.

Hayo maji ya chumvi tunayajua sote tulioko pwani. Sabuni haitoi povu la maana nayo. Weka kando chupa ya maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya kulitengeneza povu tu. Ukimaliza, fungua kichwa, suuza vipande vyote kwa maji hayohayo baridi, ukaushe kwa kitambaa. Kromu haipendi kulala na chumvi.

---

Mwana_wa_Wupper (Wuppertal, Ujerumani)

Nawasalimu nyote. Ninaishi mwendo mfupi wa treni kutoka Solingen, mji ambao mashine nyingi za mshazari zina asili yake huko, kwa hiyo nitajaribu kulijibu swali la aina na tofauti zake.

Solingen umekuwa mji wa visu, mikasi na nyembe kwa karne nyingi, na jina lake linalindwa kisheria tangu 1938, kwa hiyo chombo cha makali hakiruhusiwi kugongwa muhuri huo ikiwa hakikutengenezwa huko. Katika karne iliyopita viwanda kadhaa vya mji huo vilitengeneza mashine za mshazari, zikiwemo Fasan na Mulcuto, na hata mashine za mshazari zilizouzwa Marekani kwa jina la duka la Hoffritz la New York zilitoka kwa Merkur. Mimi mwenyewe niliipata moja ya zamani kwenye soko la mitumba la Jumapili, ndani ya boksi lililojaa vijiko. Ilikuwa na kutu kwenye uzi wa skrubu na harufu ya sabuni ya marehemu fulani, lakini baada ya kuichemsha na kuipiga mswaki imekuwa ikininyoa hadi leo.

Sasa nije kwa zinazopatikana mpya. Merkur, ambayo leo ni chapa ya kampuni ya DOVO, ina 37C aliyoieleza Babu, na ina 39C yenye mpini mrefu na mzito zaidi. Kichwa ni kilekile. Watu hubishana sana kuhusu hizo mbili kana kwamba ni mashine tofauti, ilhali tofauti iko mkononi tu. Mimi kwa mshazari napenda mpini mfupi, kwa sababu mzito unanishawishi kuharakisha. Duka la Italian Barber la Kanada nalo linauza, chini ya chapa yake ya RazoRock, mashine iitwayo German 37, ambayo kichwa chake ni cha Kijerumani cha ukoo huohuo kikiwekwa kwenye mpini mwingine.

Vichwa hivyo vyote ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na kwa mtu anayenyoa kwa maji ya chumvi hili si jambo dogo. Kromu ikishatoboka, zinki iliyo chini yake inaliwa na hakuna fundi wa kuirudisha. Aidha, aloi hiyo haipindi inapoanguka, inavunjika. Niliwahi kuwa na mashine ya bei rahisi, iliyonakiliwa sijui wapi, ambayo ilinitoka mkononi ikaangukia kigae cha bafuni, na ule msumari wa skrubu ulioshikana na kofia ukakatika kama penseli.

Ndiyo maana kwa hali yako ningekushauri uzitazame pia za chuma kisichoshika kutu. RazoRock wana Wunderbar, ambayo imechongwa kwa chuma hicho, lakini ni kali mno. Mimi niliitumia kwa mwezi mmoja nikaiuza, na sioni kwa nini mwenye shingo yenye vipele aanze nayo. Above the Tie ya Marekani inatoa bamba mbili za mshazari, yaani kile kipande cha kichwa kinachokaa chini ya wembe, S1 na S2, ya pili ikiwa na ukali zaidi. S1 ni kazi safi sana, ila bei yake ni mara kadhaa ya ile ya Merkur, ambayo hapa kwetu inacheza karibu na euro 50. Halafu kuna iKon 102, inayotoka Thailand, yenye kichwa cha alumini. Kwa ngozi yangu hii ndiyo ya upole kuliko zote nilizozigusa, na kazi inafanyika bila kuhisi wembe. Fine Superlight nayo ni ya alumini, umbo lake linafuata mashine za zamani za Kijerumani za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, na ni nyepesi kiasi kwamba aliyezoea kutegemea uzito wa mashine atajikuta hana cha kutegemea. Baadhi yetu tunaona wepesi huo ni ulinzi, kwa maana mashine isiyo na uzito haiwezi kukukandamiza yenyewe.

Kwa hiyo, kama fedha inaruhusu, iKon 102. Kama hairuhusu, Merkur 37C, na uifuate nasaha ya Babu ya kuikausha.

---

Fundi_Mitambo (Morogoro)

Nimesoma michango iliyotangulia kwa makini, na ninakubaliana na sehemu kubwa yake, ila ninaomba kulirudia lile swali la kama mshazari unakata kwa wepesi zaidi au ni hadithi, kwa sababu halijajibiwa.

Wauzaji hupenda kutoa mfano wa gilotini ya Wafaransa ya 1792, ile mashine ya kukatia vichwa vya waliohukumiwa, ambayo kisu chake kilikuwa na makali ya mshazari, na sisi tunaolima tunajua kwamba panga likipita kwa mshazari linaufyeka muhogo pori ambao lingeudunda tu kama lingekuja wima. Kanuni ni ya kweli. Makali yanapomfikia mkatwa kwa mshazari, pembe yake ya ukali inakuwa ndogo kuliko ilivyonolewa. Lakini tupige hesabu. Mshazari wa mashine hizi ni wa nyuzi chache tu. Hata tukichukulia nyuzi 10, pembe hiyo inapungua kwa takribani asilimia 1.5, kiasi ambacho sidhani kama shavu la mtu yeyote linaweza kukitambua. Ili upungufu ufike asilimia 13, unahitaji nyuzi 30, na hakuna mashine inayoinama kiasi hicho.

Kwa maoni yangu siri iko mahali pengine, nayo ni kule kujipinda kwa wembe. Wembe wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1. Ukilala bapa na ukakutana na ndevu ngumu, makali yake yanatetemeka na kurudi nyuma kidogo kabla ya kukata, na pengine ile sauti ya nazi aliyoisikia Babu ni mtetemo huo. Chukua bati bapa, lishike upande mmoja, litalegea na kupiga kelele. Lipe migongo, litasimama imara ingawa unene wake haukuongezeka. Wembe uliopindwa na kukazwa katika hali hiyo unapata ugumu kwa njia inayofanana na hiyo. Ndiyo sababu ninatarajia kwamba mashine yoyote inayoubana wembe vizuri karibu na makali, hata isiyo ya mshazari, itakupa sehemu ya faida hiyo.

Kabla hujatoa fedha, basi, jaribu jambo moja lisilo na gharama. Chukua mashine yako ya sasa, weka wembe mpya, na uivute kichwa kikiwa sawa lakini mkono ukienda kwa mshazari, kama mtu anayefyeka majani. Wenyewe wanauita mtelezo wa Gillette. Hapo nyuzi 30 unazipata bure. Mvuto uwe mfupi, povu liwe la kutosha, na usijaribu kwenye kidevu siku ya kwanza. Na ukija kununua mshazari, acha kabisa mtelezo huu, kwa sababu miwili hiyo kwa pamoja ni njia ya mkato ya kujichana.

---

Kidevu_Tabata

Shikamoo Babu, na ninawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuufanyia kazi ushauri wa Fundi.

Nimetumia mtelezo kwa siku tisa, nikinyoa kila baada ya siku mbili. Kwenye mashavu tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Awamu ya pili imekuwa ya kurekebisha tu, na vishina vimebaki vichache chini ya sikio. Shingoni, hata hivyo, pale penye kisulisuli, mtelezo umenishinda, kwa sababu ukishindwa kujua ndevu zinaelekea wapi, huwezi pia kujua mshazari wako uelekee wapi, na mara ya tatu nilijikata. Nimefuata pia agizo la Babu la awamu moja shingoni. Vishina vipo, na mke wangu amevitaja, lakini kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nimefunga kifungo cha juu bila kukunja uso.

Nimeamua kutafuta ya mshazari, kwa ajili ya pale shingoni tu nikiwa mkweli. Shemeji ameniandikia kwamba meli yao itatia nanga Hamburg kabla ya kurudi huku, kwa hiyo Merkur 37C itakuwa rahisi kwake kuipata kuliko hiyo ya Thailand. Swali langu la nyembe bado halijapata jibu.

---

Babu_wa_Povu

Marahaba mwanangu. Nyembe za pande mbili zina umbo moja la kawaida, kwa hiyo hizo ulizozitaja zinaingia bila tatizo. Mimi naweka Nacet na naibadilisha baada ya kunyoa mara tatu, hata kama bado inaonekana kukata, kwa sababu wembe unaoanza kuchoka ndio unaovuta. Wapo wanaoweka Feather za Japani, ambazo ukali wake unajulikana duniani kote. Wewe ziache mpaka mkono wako umeshazoea mshazari, na hata hapo shingo yako haizihitaji. Anza na wembe uleule unaoutumia sasa, ili ukihisi tofauti ujue inatoka kwenye mashine, na si kwenye wembe.

---

Mwana_wa_Wupper

Mwambie shemeji kwamba ikiwa safari ya mwisho ataimaliza kwa ndege, mashine yenyewe bila wembe kwa kawaida haina shida kwenye begi la mkononi, lakini nyembe ziingie kwenye sanduku la mizigo, pamoja na ule mmoja ambao mtu husahau kuutoa kichwani mwa mashine. Wangu uliishia kwenye pipa la ukaguzi, na afisa aliifungua mashine, akaukagua ule mpindo wake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba imeharibika.